Sauti Zote za Kaka

Jumamosi, 2 Machi

Mvua ya kwanza imetukuta mezani. Ilipoanza kupiga bati la jirani, Kaka alinyamaza katikati ya maneno, akaisikiliza, kisha akasema, "Bahati yenu mko hapa. Huko mliko hakuna hata umande." Tukacheka, tukarudi kwenye mchezo.

Nimeanza daftari hili kwa sababu Mama Miwani analalamika kwamba kila wiki tunasahau tulipoishia. Kura ya ukarani imeniangukia mimi. Basi karani naandika.

Mgeni akituona atadhani ni kikao cha bodi ya shule: watu wazima wanne, meza, karatasi, penseli zilizotafunwa. Kaka ndiye msimulizi. Anatueleza tulipo na tunachokiona. Sisi watatu kila mmoja ana mhusika wake, tunasema anafanya nini, na jambo likiwa na mashaka dadu inaamua. Wengine wote tunaokutana nao njiani, wema kwa wabaya, ni Kaka. Anawatolea sauti. Mpimaji, mpima ardhi na rafiki wa Kaka tangu darasa la kwanza, ni askari mtoro. Mama Miwani, mwenye duka la miwani sokoni, ni mganga anayezimia akiona damu. Mimi ni fundi wa kufuli. Tu matarishi. Tunapeleka barua kwa mtu aliyeuzuia mto wa bonde tunalolitembea, likakauka, na hatumjui ni nani. Mwaka wa sita huu tunaibeba.

Sauti ya Kaka ina mkwaruzo tangu mwaka jana. Anasema ni chaki. Mwalimu wa jiografia, miaka ishirini na miwili ubaoni, chaki lazima idai chake.

Wifi alituletea chai, akaitua trei juu ya ramani. Juu ya ramani hasa, na meza yote ile ilikuwa wazi. Sidhani kama hakuona.

Jumanne, 5 Machi

Wifi amekuja chumba cha ushonaji. Miaka kumi na miwili natia viraka mashuka na kanzu za wagonjwa katika hospitali hii, na hakuwahi kuukanyaga mlango wangu. Alisimama katikati ya marundo ya vitambaa vya kijani, hata salamu hakutoa.

"Ni saratani, wifi. Kwenye kikoromeo."

Cherehani ilikuwa bado inakwenda. Nikatoa mguu kwenye kanyagio.

"Daktari anasemaje?"

"Anasema imewahiwa. Wakikitoa kikoromeo chote, anaishi. Tarehe ishirini. Ila hatazungumza tena. Atapumulia tundu, hapa." Akajigusa chini ya shingo.

"Na Kaka mwenyewe?"

"Kaka yako ameuliza Jumamosi zimebaki ngapi. Amalize mchezo." Akanitazama kama kwamba mchezo ule niliuzaa mimi. "Mchezo, wifi!"

Hakulia. Nami sikulia mbele yake, kwa ukaidi tu. Alipoondoka nilishona pindo upande usio wake, nikalifumua, nikalishona tena upande ule ule.

Jumamosi, 9 Machi

"Nina Jumamosi mbili za sauti," Kaka ametuambia, kabla hatujaketi vizuri. "Leo na ijayo. Kwa hiyo msinipotezee muda kwa kubembelezana na kila mlinda lango."

Mpimaji, ambaye hajawahi kupita lango bila kumbembeleza mlinzi, alicheka peke yake. Kisha akaenda kunawa uso na akakaa huko muda.

Tumecheza mbio mbio. Tumevuka uwanda wa chumvi kwa siku moja, safari ambayo zamani ingetuchukua mwezi.

Nilimtazama Kaka akigeuka geuka kwenye kiti chake nikakumbuka tulikoanzia. Nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na mitano. Baba alikuwa mtunza stoo kwenye ofisi moja, na Jumamosi watu wakishatoka alituachia kompyuta mbovu iliyotupwa pembeni. Ndani yake mlikuwa na mchezo: unatembea nchi nzima ukiwa mtu mwingine, na kila unayekutana naye anakusemesha kwa maandishi ya Kiingereza. Mimi Kiingereza sikukijua hata cha kuombea maji. Tulikalia kiti kimoja, kila mtu na nusu yake, Kaka akisoma na kunitafsiria. Mfalme alikohoa kabla ya kila amri. Mwizi alikuwa na kithembe. Joka liliongea kama mwalimu wetu mkuu. Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kujisomea, niligundua nusu ya maneno yale hayakuwemo kabisa. Alikuwa anayatunga.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Mapindo ya mashuka arobaini.

Jumamosi, 16 Machi

Hatukumaliza.

Tumefika kwenye kivuko cha zamani. Bibi mwenye kivuko bado yupo, ameketi ndani ya mtumbwi juu ya mchanga mkavu, anangoja abiria. Kaka alimtolea sauti iliyopasuka, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haja ya kuigiza. "Mmebeba nini, wajukuu?" Mama Miwani akajibu, "Barua, bibi." "Imeandikwa nini?" Tukatazamana. Miaka sita, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza.

Tumeishia mbele ya boma la mwenye mto. Tunaliona. Kaka alitazama saa, akakusanya dadu moja moja. Tuliagana mlangoni, tukimshika mkono mmoja mmoja. Mpimaji alimwambia, "Mwalimu, sema neno la mwisho basi." Kaka akasema, "Mwavuli wako umeuacha ndani."

Wifi alikuwa ukumbini anapanga nguo kwenye begi la hospitali. Tulipopita hakuinua kichwa.

Alhamisi, 21 Machi

Nilipanda wodini na foronya niliyomshonea, nikijua nitamkuta amefungwa bandeji. Karani wa wodi alipitisha kidole kwenye kitabu chake.

"Huyu hakutokea. Alipiga simu mwenyewe akaomba tarehe nyingine. Tumempa tatu Aprili."

Nikaomba ruhusa, nikaenda shuleni kwake na mvua yangu. Alikuwa peke yake kwenye chumba cha ramani, anakunja bara zima.

"Kaka, wifi anajua?"

"Anajua mashine ya chumba cha upasuaji imeharibika." Sauti ilikuwa kama mtu anayeburuta kiti sakafuni.

"Umemdanganya."

"Nimemwahirishia hofu." Akaketi. "Sikiliza, mdogo wangu. Wiki mbili, Jumamosi mbili. Tunaingia bomani, tunamaliza, nakwenda. Daktari amesema tumewahi. Aliyewahi wiki hii hajachelewa wiki ijayo."

"Na kama..."

"Baada ya hapo nitanyamaza mpaka nizikwe. Nakuomba Jumamosi mbili. Na usimwambie wifi yako."

Nimempa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kuandika: sikumpa kwa huruma peke yake. Nilitaka kujua ni nani aliyeuzuia ule mto.

Jumamosi, 23 Machi

Sijawahi kucheka vile maishani. Tumecheza saa tano nzima. Mganga wa Mama Miwani alikwaruzwa na msumari langoni, akaona tone la damu yake mwenyewe, akazimia, na dadu yetu ya pande ishirini ikaangukia ishirini, namba ya juu kabisa, kwa hiyo alizimia juu ya mkuu wa walinzi na kumvunja mguu. Kaka alipiga kelele za mkuu wa walinzi, akapiga na za mke wake dirishani, akapiga na za mbwa. Mama Miwani amejikojolea kidogo. Amekiri mwenyewe.

Niliondoka mapema kuliko wenzangu ili nisikutane na wifi akirudi kutoka kwa dada yake. Nikatembea kwenye tope kama mtu aliyeiba na hajakamatwa.

Jumanne, 26 Machi

Uzi wa kijani umekwisha. Nimeazima wa bluu. Mgonjwa hatauliza.

Jumamosi, 30 Machi

Tuko ndani ya boma. Kila mlango tunaoufungua una ukumbi, na kila ukumbi una mlango. Kufikia saa kumi Kaka alikuwa ananong'ona, na sisi tumeinamia meza vichwa vinakaribia kugusana.

"Mwalimu," Mpimaji akasema, "hili boma lina eneo gani?"

"Kubwa."

"Mimi ni mpimaji. Kubwa ni kiasi gani?"

Kaka alitupa dadu mwenyewe nyuma ya mkono wake, akaitazama, akasema, "Mnasikia mtu anakuja." Tukajificha. Aliyekuja hakuwa mtu, ulikuwa upepo. Hatukumaliza.

Alhamisi, 4 Aprili

Hakwenda tena. Karani wa wodi aliniambia bila kuulizwa: ameomba tarehe ya tatu.

Saa sita wifi akaingia chumba cha ushonaji, maji yanamchuruzika.

"Wifi, wewe umo humu ndani kila siku. Mashine kweli haijatengenezwa?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili, neno lilikuwa moja tu.

"Bado," nikasema. "Wanangoja kifaa."

"Haya. Ahsante." Akasimama kidogo. "Mwambie angalau apumzike kuongea. Wewe anakusikiliza."

Miaka yote hii nimemwona mwanamke mgumu, asiyependa watu wafurahi nyumbani kwake. Alipogeuka kutoka niliona miguu yake. Kiatu kimoja cheusi, kimoja cha kahawia. Ametoka nyumbani hivyo, ametembea mji mzima hivyo, hajui.

Sikumwambia hilo nalo.

Jumamosi, 6 Aprili

Kaka amekohoa damu. Alitaka kuikunja leso haraka lakini Mama Miwani, ambaye kazi yake ni kutazama, alikuwa amekwisha ona. Hakuzimia. Aliendelea kucheza hadi mwisho, na sauti yake haikutetemeka.

Tulipofika barabarani akanikamata mkono. "Upasuaji ni lini?"

Nikawaeleza yote, watatu chini ya mwavuli mmoja. Mara mbili amekwepa. Mashine waliyoambiwa imeharibika ni nzima. Mimi nilijua tangu ile ya kwanza.

Nilingoja wanitukane. Mama Miwani aliuachia tu mkono wangu. Mpimaji alitazama maji yakipita mtaroni, akasema polepole, "Kwa hiyo Jumamosi zote hizi tumekuwa tunamla."

Jumamosi, 13 Aprili

Tumegoma.

Tulifika saa nane kama kawaida. Kaka alikuwa amechora ramani mpya ya ndani ya boma, vyumba juu ya vyumba. Amekonda. Shati limemning'inia kama liko kwenye kamba. Tukaketi, hakuna aliyetoa penseli.

"Mko mlango wa mwisho," akanong'ona.

Mpimaji akaweka viganja vyake mezani. "Mwalimu, askari wangu anaweka barua chini. Anarudi kwao."

Kaka akatabasamu, akadhani ni mbinu. "Anarudi kwao, na mto?"

"Mto ubaki hivyo hivyo."

"Na mganga wangu," Mama Miwani akasema. "Amechoka. Anarudi."

Kaka akanigeukia. "Fundi wa kufuli?"

Nimemfuata mtu huyu tangu nina miaka tisa, popote aliponiambia tunakwenda. "Anaondoka," nikasema. "Mpaka utakapotoka hospitali."

Hapo akaelewa. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akaanza kuwaleta. Kwanza bibi wa kivuko, na sauti yake iliyopasuka: "Wajukuu, mnaniacha mchangani?" Akaja mkuu wa walinzi mwenye mguu uliovunjika, akituapia hatatuzuia tena. Akaja mtoza ushuru wa chumvi tuliyemwona mwaka wa pili. Akaja msichana aliyetuuzia ngamia kiwete, ambaye sote tulikuwa tumemsahau, ila Kaka hajamsahau. Kila mmoja alituomba tusiondoke. Sauti zilikuwa zinafanana sasa, zote upepo na mkwaruzo, lakini mikono yake ilibadilika, na mabega, na macho, kwa hiyo tuliwatambua wote. Mama Miwani alijifunika uso. Mpimaji alilia waziwazi, kamasi zinamtoka, na hakusogea.

Walipokwisha akabaki yeye.

"Tokeni nyumbani kwangu."

Wifi alikuwa mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini. "Kuna nini?"

Nikasema. Nikasema mbele yake, mbele ya Kaka. Mashine haikuharibika. Mara mbili hakwenda. Mimi nilijua, na nilikuongopea.

Hakunitazama. Hakushtuka pia, au mimi sikuona. Aliingia chumbani akatoka na lile begi, lilikuwa bado limefungwa, akaliweka miguuni pa mume wake kama mtu anayemwekea mgeni maji ya kunawa.

"Jumatatu," akamwambia. "Mimi na wewe."

Kaka aliokota dadu kubwa akairusha ukutani. Imepasua plasta. Sikungoja kuona imeangukia ngapi.

Jumatatu, 15 Aprili

Amelazwa. Daktari amemuuliza, "Mbona mmechelewa?" Wifi amejibu, "Tumechelewa." Hivyo tu.

Jumatano, 17 Aprili

Walimwingiza saa tatu. Saa tano kasoro daktari alitoka, na nikajua, maana kazi ile huchukua siku nzima.

Saratani imetoka ilikokuwa. Imeingia shingoni na kwenye njia ya chakula, na imekumbatia mshipa mkubwa. Hawakuondoa kitu. Wamemwekea bomba la kupumulia, na sauti imekwenda pamoja na hewa, maana hewa haipiti tena pale. Amepoteza alichokuwa anakiogopa na hakupata alichokuwa anaahidiwa.

Nilimfuata daktari hadi ngazini. "Ni zile wiki nne?"

Ni kijana, amechoka, buti zake za mpira zimetapakaa matone. "Siwezi kukuambia ni hizo," akasema. "Siwezi kukuambia pia kwamba si hizo."

Shuka lililomfunika lilikuwa na kiraka changu cha uzi wa bluu.

Ijumaa, 19 Aprili

Wifi haniongeleshi. Ana haki.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua haijakatika siku nne. Barabara ya chini imefunikwa, nimezunguka.

Jumamosi, 27 Aprili

Kaka ameniandikia kwenye kibao chake: LETE KOMPYUTA.

Mpimaji akaleta ya kwake, ndogo ya mapajani, akaweka humo mchezo unaofanana na ule wetu wa utotoni. Tukaiweka juu ya meza ya chakula cha wagonjwa. Yeye alishika vitufe. Mimi nikasoma.

Mfalme alipozungumza nilimtafsiri kama anayesoma tangazo la kukatika kwa maji. Kaka akasimamisha mchezo, akaandika: HUYO MFALME AU KARANI WA POSTA?

Nikajaribu tena, nikakohoa kwanza. Akatikisa mkono: angalau. Tukaenda hivyo mchana mzima. Mwizi nilimshindwa kabisa, ila mchawi nilimpata, nikamfanya aongee kwa madaha kama msimamizi wetu wa stoo ya dawa, na mabega ya Kaka yakatikisika. Ndivyo anavyocheka sasa. Mzee wa kitanda cha jirani, ambaye nilidhani amelala, akauliza, "Ehe, na yule mchawi akasemaje?" Nikamrudia.

Wifi aliingia na uji. Akasimama kusikiliza. Sikuthubutu kugeuka.

Jumamosi, 4 Mei

Amerudi nyumbani. Hospitali haina zaidi.

Wifi ndiye anayesafisha bomba, kila baada ya saa mbili. Anamsemesha kama zamani, habari za jirani, habari za binti yao aliye chuoni, kisha anangoja jibu la kalamu bila kumharakisha, hata neno likichukua dakika. Mimi ni mtu wa kumalizia maneno ya Kaka kabla hajayaandika. Wifi hafanyi hivyo. Leo ameniambia, "Shika beseni." Ni neno la kwanza tangu siku ile. Nimelishika mpaka mikono imekufa ganzi.

Jumanne, 7 Mei

Mvua inapungua. Kaka pia.

Jumamosi, 11 Mei

Tulikutana sote kitandani kwake. Mama Miwani alikuja na dadu na karatasi. Akasema, "Mwalimu, tuko mlango wa mwisho. Andika tu, huyu atatusomea. Tufungulie."

Kaka aliandika muda mrefu. Akafuta. Akaandika tena. Karatasi yenyewe nimeibandika hapa, lakini nainakili kwa kuwa mwandiko wake umeanza kuteleza:

"Sijui ni nani aliyeuzuia mto. Sikuwahi kujua. Miaka sita nimekuwa nangoja mmoja wenu aseme jambo nilidakie. Hamkukaribia kumaliza hata siku moja, nilikuwa najenga vyumba. Mdogo wangu, acha kujila. Sikuchelewa kwa ajili ya mchezo. Niliogopa. Niliogopa kisu, niliogopa kuingia darasani nikiwa bubu, na Jumamosi palikuwa mahali pazuri pa kuogopea kwa sababu nilikuwa na ninyi."

Niliisoma kwa sauti, na nilipofika "mdogo wangu" nilijua ni mimi nikaendelea hivyo hivyo. Mpimaji akashika mguu wa Kaka juu ya blanketi, akaushikilia. Hakuna aliyetaka tena kuujua ule mlango.

Jumapili, 19 Mei

Kaka amefariki saa nne asubuhi. Wifi alikuwa naye. Mimi nilikuwa njiani.

Ijumaa, 24 Mei

Tulizika Jumanne. Wanafunzi wake walijaa hadi barabarani. Binti yake alisimama wima muda wote, kisha nyumbani akaliona koti la baba yake nyuma ya mlango, akakaa chini sakafuni.

Sikulia makaburini. Nimelia leo kazini, juu ya foronya, msimamizi akanifungia mlango kwa nje ili watu wasiingie.

Jumamosi, 1 Juni

Saa nane Mpimaji amebisha kwangu. "Sikujua niende wapi," akasema. Tukaketi barazani. Saa kumi akaondoka.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeitwa na wifi. Jua limetoka siku ya sita mfululizo, tope la mtaani limekuwa vumbi. Nilimkuta ameketi kwenye meza ya mchezo, upande ambao hakuwahi kukaa mtu.

Nilitaka niseme kabla sijakaa. "Wifi, siku ile uliponiuliza kuhusu mashine..."

"Nilijua," akasema.

Nikabaki nimesimama.

"Nilipotoka kwako nilipanda kwa karani wa wodi. Akanionyesha kitabu. Nikatembea hadi hapa nimekusudia kumshukia yeye, kisha wewe. Nikamkuta chumbani, mlango uko wazi kidogo, anajaribu sauti. Bibi kizee sijui nani. Anamsemesha, anamjibu, anacheka peke yake. Tangu mwaka uanze sikuwa nimemsikia anacheka." Alikuwa anasugua meza kwa kidole gumba, mahali pamoja. "Nikasema, basi kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Siku tisa, wifi, mpaka mlipogoma ninyi. Kwa hiyo usinililie hapa uniombe msamaha. Mimi mwenyewe sijui nimwombe nani."

Nikaketi. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania baiskeli.

"Miaka kumi na tisa nimelala na mtu huyu," akasema. "Kila Jumamosi akaja hapa akawa watu wengine. Nilikuwa naona wivu, nikiri tu. Ningekuwa najua ni mwanamke ningejua pa kuanzia. Haya, niambie. Walikuwa akina nani?"

Nikaanza. Nikamweleza bibi wa kivuko, mtoza chumvi, msichana wa ngamia. Alisikiliza kama anayesomewa majina ya ndugu asiowahi kuwaona. Kisha nikafika kwa mlinzi wa kisima, tuliyemkuta mwaka wa kwanza na tukawa tunamrudia kila tukiishiwa maji. Mwanamke wa makamo, ameketi juu ya mfuniko wa kisima pekee kilichobaki na maji bonde zima. Mpimaji alimwongopea kila namna: kwamba sisi ni jamaa zake, kwamba tumetumwa na serikali, kwamba Mama Miwani ni mjamzito. Anatutazama tu, mkono kiunoni, halafu anasema, "Mmemaliza? Sasa semeni na la kweli, nipate kuchagua."

Wifi aliacha kusugua meza.

"Hilo ni neno langu," akasema.

Nikamtazama. Mkono wake ulikuwa kiunoni.

"Namwambia yeye hilo. Akichelewa kurudi, akivunja kitu, tangu hatujaoana. 'Umemaliza? Sasa sema na la kweli, nipate kuchagua.'" Sauti ilimkatika, akaitafuta, akaipata. "Na huyo mwanamke alikuwaje? Mbaya?"

"Hapana, wifi."

"Alikuwa anawapa maji?"

"Kila tulipopita," nikasema. "Kila mara, alitupa."